Mzee Nikolaus Tluway Lohay na Baiskeli za Njano, 1956–2025

Baba Paroko, shehe wetu uliyeacha shughuli zako za mwezi huu mtukufu ukaja kukaa nasi, mheshimiwa mtendaji wa kata, wazee wa Oldeani, majirani, wanachama wa Kikundi cha Baiskeli za Njano, nanyi nyote mliofika leo Jumamosi, tarehe 15 Machi 2025, kumsindikiza mzee wetu, familia inawasalimu na inaomba utulivu wenu, kwa sababu karatasi inayosomwa hapa haikuandikwa na familia, imeandikwa na marehemu mwenyewe.

Mliomjua hamtashangaa. Mzee Nikolaus hakumwamini mtu kusimulia habari ambayo yeye hatakuwepo kuisikiliza, ndiyo maana tarehe 5 Machi, akiwa kitandani, alidai daftari na kalamu, akaandika maisha yake kwa kujiita marehemu angali hai, akaacha nafasi moja tu wazi, ya tarehe ya kufa, na siku zilizofuata akamsomesha binti yake mkubwa Vumilia, ambaye ndiye anayesoma hapa, kurasa zote kwa sauti mara mbili, ahakikishe haruki mstari. Pale alipofupisha kwa kuona aibu familia imeongeza, na pale alipojisifu tumepunguza kidogo, atusamehe. Upo ukurasa mmoja, wa nne, uliotuletea maneno makali ndani ya nyumba juzi, wengine wakisema usisomwe kwa kuwa unamvua marehemu nguo siku ya kumzika, lakini ukurasa huo unahusu jina la mtu aliye hai, na mtu huyo yuko hapa, amesimama kule karibu na geti, kwa hiyo utasomwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Novemba 1956 huko Dongobesh, Mbulu, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa mzee Tluway Lohay na mama Emiliana, wote wawili wametangulia mbele ya haki, na mwaka 1961 wazazi wake walihamia Oldeani kutafuta kibarua kwenye mashamba ya kahawa. Dada yake mkubwa, shangazi Bernadeta, ambaye tunaye hapa, anasema tangu utoto mdogo wake alikuwa na tabia ya kulaza unyasi juu ya kifuniko cha chungu cha maziwa, apate kujua ni nani amekifunua, na mara nyingi aliyekamatwa ni paka.

Alisoma Shule ya Msingi Oldeani kuanzia mwaka 1965 hadi 1971 alipohitimu darasa la saba, na tarehe 1 Februari 1973 aliajiriwa katika karakana ya shamba moja la kahawa, akaanza kwa kufagia, akapanda hadi kuwa fundi mkuu wa mashine za kumenya kahawa, kazi aliyoifanya kwa uaminifu mpaka tarehe 30 Juni 2009 shamba lilipopunguza watu. Sanduku lake la spana lilikuwa na kufuli mbili za viwanda viwili tofauti, kwani, kama alivyokuwa akieleza, huwezi kujua kiwanda kimoja kimetoa funguo ngapi.

Tarehe 12 Mei 1984 alifunga ndoa takatifu katika kanisa la Oldeani na mama yetu Bibiana, binti wa wafanyakazi wenzake waliotoka Singida. Katika kuposa alituma washenga wawili, kila mmoja kwa siku yake na bila mmoja kujua habari za mwenzake, ili alinganishe majibu, na wazee wa Bibiana walipogundua mchezo huo wakawapa wote wawili jibu moja, neno kwa neno, jambo ambalo lilimtia shaka zaidi, akakaa mwezi mzima akiwaza wanaficha nini. Hata hivyo aliishi na mama kwa amani miaka arobaini na miezi kumi kamili, wakajaliwa watoto watatu, Vumilia mwaka 1985, Dominic mwaka 1988 na Hyasinta mwaka 1993, na wajukuu saba.

Sasa tuingie kwenye baiskeli, maana hata mgeni wa Karatu aliyefika jana ameshaziona.

Shamba lilipompunguza lilimpa baiskeli tisa chakavu zilizokuwa za wanyapara, naye akazikarabati, akazipaka rangi ya njano iliyobaki ya mashine za kumenya, na tarehe 6 Aprili 2010 akaziegesha nje ya kanisa la Oldeani akatangaza kwamba ni za wote, mwenye safari achukue, akifika aendako aiache hapo, mwingine mwenye safari ataikuta. Hazikuwa na kufuli wala mlinzi. Mtu aliyezaliwa akishuku paka wa kwao ameweka baiskeli tisa barabarani bila kufuli, na hadi leo hatujaelewa ni malaika gani alimpitia siku ile, ila tunajua matokeo, kwani baada ya wiki sita zilibaki tatu, moja ilionekana njia ya Endulen ikibeba madumu ya maji, nyingine ilipatikana bila kiti, na nne zilipotea moja kwa moja. Tangu siku hiyo, anaandika mwenyewe, marehemu aliapa hataamini tena kitu ambacho hakukichunguza.

Kwa hiyo mwaka 2012 alianza upya kwa utaratibu. Kila mwanachama alipewa kibati chenye namba, akichukua baiskeli anatundika kibati chake kwenye msumari pale baiskeli ilipokuwa imesimama, na kila kituo kikawa na msimamizi anayejua namba ipi ni ya nani. Vilianza vituo vitatu, cha juu Oldeani, cha sokoni Karatu mjini, na cha chini Mang'ola kwenye mashamba ya vitunguu, kisha wafanyakazi wa hoteli za kitalii wakaomba chao, stendi wakaomba chao, hospitali nayo hivyo hivyo, hata kufikia mwaka 2016 kulikuwa na vituo saba na baiskeli sitini na mbili, na akina mama wa Oldeani waliokuwa wakiamka alfajiri kusubiri gari la kibarua wakawa wanateremka wenyewe hadi Mang'ola, khanga zikipepea. Marehemu aliona fahari, na alistahili.

Hapa ndipo penye kosa lake, na tunaomba mlisikie vizuri. Barabara ya kwenda Mang'ola ni mteremko, mnaijua, mtu anashuka bila kukanyaga pedeli, lakini kupanda ni shughuli nyingine, vumbi, mawe na jua. Marehemu kila Alhamisi alishuka kukagua kituo na akarudi akiupanda mlima huo kwa baiskeli, kwa nguvu za miguu yake mwenyewe, akiwa na miaka hamsini na kitu, akihema, kwa hiyo akachukulia kwamba na wenzake wote wanapanda. Msimamizi wa kituo cha chini, mzee Olais, alikuwa akimwambia kila wiki kwamba baiskeli zote zimepanda, na kweli asubuhi zilikuwa juu, na yule mtu aliyehoji kila kitu maisha yake yote, aliyemhoji hadi mshenga wake, hakuuliza hata siku moja zimepandaje. Kitu pekee alichokiamini bila kukichunguza ni miguu ya watu.

Mwezi Agosti 2017, akipanda kwa baiskeli kutoka Mang'ola, alipitwa na lori la vitunguu la mfanyabiashara Abbasi Yasini, mwenyeji wa Kondoa aliyeishi Karatu tangu ujana wake, na chini ya turubai, juu ya magunia, akaona magurudumu ya njano, si moja wala mawili. Hakulisimamisha lori wala hakuuliza. Alifika nyumbani akakataa chakula, akahesabu vibati, akaunganisha mambo ya miaka saba kwa dakika chache, baiskeli nne za mwaka 2010, pampu iliyopotea sokoni, hata breki zilizokatika, yote akayabebesha mgongo mmoja, na tarehe 14 Agosti 2017, katika mkutano wa hadhara kwenye ofisi ya kata, akasimama akamnyooshea Abbasi kidole, akamwita mwizi wa baiskeli mbele ya watu.

Jamani, wengine wenu mlikuwepo. Abbasi hakujibu tusi kwa tusi, alisema tu kwamba amesikia, na kwamba kuanzia siku hiyo hatapakia tena, akavaa kofia yake akaondoka. Mzee Olais alipojaribu kueleza kwamba lori lile ndilo lililokuwa likizipandisha, marehemu alihitimisha kwamba na Olais yumo, akamwondoa kazini siku hiyo hiyo. Ndani ya wiki mbili kituo cha juu kikawa kitupu na cha Mang'ola kikafurika, baiskeli zikiegemeana hadi barabarani, na mtu mwingine yeyote hapo angepata jibu, lakini mzee wetu alipata jibu lake, kwamba Abbasi amewalipizia kisasi kwa kuwakataza watu wasipande.

Jina likamganda Abbasi. Mtu akipita dukani kwake anacheka, vijiweni akawa ni mwizi wa baiskeli, na mwezi Januari 2018 wageni waliotoka Kondoa kuja kumposa binti yake Nasrin walisikia habari hiyo kwenye kibanda cha chai pale stendi kabla hawajafika nyumbani, wakageuza bila hata kunywa maji. Nasrin aliolewa miaka mitatu baadaye, huko Babati, na familia yetu haikualikwa, wala hatukuwa na uso wa kualikwa.

Mwaka huo wa 2018 kampuni moja ilikuja na baiskeli mia mbili za kijivu, zinafunguliwa kwa simu na zinaachwa popote mtu anaposhukia, na kikundi chetu kilichochoka kikaziegesha za njano kikawapisha. Kwa miezi michache mji ulichangamka, zilikuwa kila mahali, mitaroni, getini kwa watu, mlangoni mwa msikiti na mwa kanisa, lakini baada ya mwaka nazo zikawa zimejikusanya Mang'ola, kampuni ikawa inatuma gari kuzipandisha kila wiki, kisha mara mbili kwa mwezi, kisha basi, na wageni wa utalii walipokatika mwaka 2020 ikaondoka na kuacha chungu ya vyuma nyuma ya ghala la vitunguu. Fundi wao, kijana mwungwana aitwaye Adrian, kabla ya kuondoka alimwachia marehemu ramani ya karatasi inayoonyesha safari zote za miaka miwili, mistari ya kushuka minene, ya kupanda myembamba kama uzi. Marehemu aliitazama siku nzima, halafu akasema ramani inaweza kutengenezwa na mtu yeyote.

Januari 2021 alizifufua za njano thelathini na mbili, vibati vikarudi na safari hii kila mwanachama akaandikisha na namba ya simu, na tarehe 9, 10 na 11 Februari alikwenda kukaa kwenye kona ya mlima na chupa ya chai, tangu asubuhi hadi jioni, kuhesabu. Siku ya kwanza zilishuka kumi na saba, ya pili kumi na moja, ya tatu zikashuka tatu kwa kuwa juu zilikuwa zimekwisha, na zilizopanda kwa siku zote tatu ilikuwa moja tu, ile aliyokuwa anaiendesha yeye kurudi nyumbani. Mama Bibiana anakumbuka alivyokaa nje bila kuvua viatu, akasema, kama mtu aliyepewa habari ya msiba, kwamba watu hawapandi. Mama alimjibu kwamba Karatu nzima inajua hilo, asiyejua ni yeye peke yake.

Na sasa tunasema jambo ambalo marehemu hakuambiwa, analisikia leo. Wiki iliyofuata mama yetu alikwenda dukani kwa Abbasi, akakaa kwenye gunia, akalia, hakuomba kitu. Abbasi alimwambia kwamba vitunguu vyake vinavunwa na akina mama wa Oldeani, na akina mama hao wanakuja kwa baiskeli hizo, kwa hiyo atazipandisha, ila safari hii bila turubai, anayetaka kuangalia aangalie.

Akazipandisha miaka minne. Kikundi kikakua tena, leo kina vituo kumi na kimoja na baiskeli themanini na nne, kinaendeshwa na kamati ya wanachama, na zipo tatu za betri zinazopanda zenyewe, ambazo marehemu alikuwa hazipandi akidai betri ile huenda inasikiliza mazungumzo. Lakini kwa Abbasi hakusema neno. Alijua kwamba alimkosea, ameandika hivyo, ila alikuwa akijiuliza mtu uliyemtukana anakufanyia wema wa nini, anatafuta nini, na kila lori liliposhusha alikagua nati za baiskeli moja baada ya nyingine. Mara moja aliikuta mojawapo ina cheni mpya ambayo si yeye aliyeifunga, akaificha baiskeli ile stoo mwezi mzima akisubiri kuona itatokea nini. Hakikutokea kitu. Abbasi alikuwa ameona cheni imekatika, akafunga nyingine.

Ugonjwa ulianza Septemba 2024 kwa kikohozi na kuvimba miguu, akatibiwa hapa Karatu, akapelekwa hospitali ya rufaa Moshi tarehe 20 Novemba, ikaonekana moyo umepanuka, na pale aliwataka wauguzi waandike jina lake kwenye kichupa cha damu akiwa anaona kwa macho yake, nao wakamvumilia. Aliporudi nyumbani Januari kazi yake ilikuwa moja, kuuliza kila asubuhi kama kituo cha juu kimejaa. Mama akisema kimejaa, haamini. Hyasinta akampigia picha, marehemu akasema hiyo ni ya jana. Basi tarehe 4 Machi Hyasinta alibeba kalenda ya ukutani, akaisimamisha kwenye baiskeli ya kwanza tarehe ikionekana, akapiga.

Marehemu alivaa miwani akaitazama tarehe, akaridhika, halafu akaona kilichokuwa nyuma ya kalenda. Lori lilikuwa limesimama, na Mzee Abbasi, mtu wa miaka sitini na sita, akiwa amefunga, mgongo umempinda, alikuwa anashusha baiskeli ya njano kwa mikono yake mwenyewe, huku nyingine mbili amekwishaziegesha ukutani. Marehemu aliuliza kama Abbasi alijua kwamba anapigwa picha. Hyasinta alimjibu kwamba hakujua, si unaona ametupa mgongo. Aliuliza tena, na tena, mara ya nne akaiweka simu kifuani akageukia ukuta, na kesho yake, Jumatano ya Majivu, alipotoka Baba Paroko kumpaka majivu, ndipo alipodai daftari.

Ukurasa wa nne unasema hivi, na tunausoma kama ulivyo. "Tarehe 14 Agosti 2017 marehemu alimwita Abbasi Yasini mwizi. Abbasi hakuiba hata spoku. Baiskeli zilisimama juu kila asubuhi kwa sababu yake, na marehemu akajipa sifa hiyo mwenyewe. Olais naye alisema kweli akafukuzwa. Nasrin binti Abbasi alirudishiwa wageni kwa ajili ya mdomo wa marehemu. Siku ile ya mkutano kulikuwa na watu mia moja na ishirini na sita, nilihesabu. Haya yasomwe mbele ya watu wasiopungua hao. Wasipotimia, msinizike mpaka watimie."

Alisema kila siku kwamba atamwita Abbasi kesho amwambie kwa mdomo wake. Hakumwita, aibu ilimshinda, na Jumatano tarehe 12 Machi 2025, saa nne asubuhi, moyo wake ulisimama akiwa nyumbani, mkono wake mikononi mwa mama Bibiana.

Leo asubuhi Dominic, ambaye juzi alikataa ukurasa huu usisomwe, ndiye aliyezunguka kuwahesabu, na alipofika mia nne aliacha. Wametimia, Baba. Mzee Abbasi, tunakuomba utoke hapo getini uje ukae mbele, kiti kipo, kilichoandikwa jina lako, na muda wa kuweka udongo ukifika utaweka pamoja na watoto wa marehemu, na Mzee Olais pia, na salamu zetu za kuomba msamaha zimfikie Nasrin huko Babati, tutakwenda wenyewe kuzirudia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Karatu na wa Moshi, majirani waliopika na kulala hapa kwenye turubai siku tatu, jumuiya zetu za kanisa, ndugu Waislamu mliokuja mkiwa na swaumu, mafundi wenzake wa karakana waliotengeneza jeneza, wasimamizi wa vituo vyote kumi na kimoja, na akina mama wa vitunguu, ambao leo hawakushuka kazini.

Hyasinta alipita kituo cha juu saa moja asubuhi hii akielekea kuchukua maua. Kimejaa hadi msumari wa mwisho, na hakupiga picha.

Pumzika kwa amani, Baba. Baiskeli zimepanda.